Uzamili wa ustawi wa jamii kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini: tuuchague kwa kipimo gani?

Kipengere (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, kamwene.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri mojawapo ya Mkoa wa Njombe, na nina shahada ya kwanza. Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, wenzangu wa Njombe, Iringa, Mbeya na Songwe huulizana wasome uzamili wa nini na katika chuo gani, na majibu karibu yote huwa ya ada, ya umbali na ya ugumu wa tasnifu. Hayo ni ya kweli na siyabezi. Lakini kuna swali ambalo silisikii likiulizwa, nalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: katika masomo hayo, ni nani atakayekaa nami, alifungue faili langu la shauri, anihoji kwa nini niliamua nilivyoamua, kisha anifundishe kumfanyia mwenzangu vivyo hivyo?

Msimamo wangu nauweka mapema ili mwenye kuupinga asihangaike kuutafuta. Naamini kwamba upungufu mkubwa wa taaluma yetu huku ni usimamizi wa kitaaluma, na kwamba uzamili unaostahili kulipiwa ada ni ule unaomtoa mtu akiwa na uwezo wa kusimamia kazi ya wenzake. Uzamili usio na mafunzo kwa vitendo yanayosimamiwa na mtu wa taaluma hii hii unaweza kuwa elimu nzuri, ila utabaki kuwa elimu kuhusu ustawi wa jamii tu.

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 4.4 nchi nzima, lakini Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Nyuma ya takwimu hizo kuna watoto wengi waliolelewa na bibi zao, na sasa baadhi yao ni wazazi. Kuna barabara kuu ya kwenda Zambia inayopita Mafinga, Makambako, Mbeya na Tunduma, pamoja na nyumba za wageni na biashara zake za usiku. Kuna mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe na msitu wa Sao Hill, ambako wazazi hufuata vibarua na kuwaacha watoto kwa ndugu. Kuna mabinti wanaochukuliwa vijijini kwetu kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, wengine wakiwa wadogo mno. Hayo yote huishia kwenye meza ya afisa ustawi wa jamii, na mara nyingi afisa huyo yuko peke yake.

Nichukue shauri la mfano, ambalo nimelitunga kutokana na mambo ambayo kila afisa wa huku ameyaona. Binti wa miaka 14 amerudishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Bibi yake anasema mjukuu halali usiku na hataki kwenda kisimani peke yake. Mwenyekiti wa kitongoji anapenda mambo yazungumzwe kifamilia. Mjomba aliyempeleka kazini ndiye anayewanunulia wadogo zake sare na madaftari, na tajiri wa Dar es Salaam amekwisha kutuma fedha kwa simu akisema ni za pole. Afisa anafika. Aanze na nini? Amhoji binti pale pale sebuleni, mjomba akiwa anasikiliza? Ampeleke hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo, ingawa binti hajasema neno? Mjomba akikasirika na kuondoa mkono wake, wale wadogo watakuwa chini ya nani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa afisa wajibu na mamlaka, lakini haimwambii akae upande gani wa mkeka ili mtoto yule aweze kuzungumza.

Maswali kama hayo hayamaliziki darasani. Mtu huyajua kwa kuyafanya mbele ya mjuzi, au kwa kuyaleta kwa mjuzi siku ya pili yake. Mkuu wangu wa kazi ni mtu mwema na mwenye shughuli nyingi, naye mwisho wa robo mwaka huniuliza nimeshughulikia mashauri mangapi. Namna nilivyoyashughulikia haiulizwi na mtu yeyote, kwa kuwa fomu ya taarifa haina safu yake.

Wenzetu wa mbali wameliweka jambo hili ndani ya masharti. Marekani, baraza linalotambua elimu ya ustawi wa jamii linataka mwanafunzi wa uzamili atimize saa zisizopungua 900 za mafunzo kwa vitendo, na wa shahada ya kwanza saa 400. England, mwanafunzi hukaa vituoni siku 170, na tangu mwaka 2005 hakuna anayeruhusiwa kujiita mfanyakazi wa ustawi wa jamii bila kusajiliwa. Afrika Kusini nayo ina baraza la taaluma linalosajili watu wake. Hapa kwetu uzamili hupimwa kwa krediti 180, ambazo ni sawa na saa 1,800 za kusoma. Ningependa kila mmoja wetu, kabla ya kulipa ada, aulize kati ya saa hizo 1,800 ni ngapi zinatumika mbele ya mteja halisi, na ni nani anayezisimamia.

Kuhusu njia zilizopo, ninazozijua ni hizi. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, imewalea wengi wetu kuanzia cheti na kuendelea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina Shahada ya Uzamili ya Ustawi wa Jamii kwa njia ya masafa, na kwa kuwa kina vituo Mbeya, Iringa na Njombe, afisa anaweza kusoma bila kuacha kituo chake cha kazi. Wengine huchukua uzamili wa maendeleo ya jamii na usimamizi wa miradi, ambao unapatikana hata hapa Iringa. Ni taaluma jirani na ninaiheshimu, lakini haimfundishi mtu kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya Mahakama ya Watoto.

Karibuni mnikosoe.

Loleza

Ndugu Kipengere, nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali mojawapo hapa Mbeya, na nina uzamili. Nakuunga mkono kwenye hoja kuu, lakini naomba uongeze upande wa hospitali, maana umeandika kama mtu wa halmashauri.

Kwa wananchi wengi, na kwa madaktari wasio wachache, chumba chetu ni mahali pa kutafuta msamaha wa matibabu. Mgonjwa akishindwa kulipa, anaandikiwa kikaratasi: apelekwe ustawi. Anaingia mzee kutoka Chunya au Mbarali, mguu umefungwa bendeji, ameshika kile kikaratasi pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji iliyokunjwa mara nne, na anaanza kwa kuomba radhi. Afisa asiye na mafunzo ya kina ataisoma barua, atauliza kuhusu ng'ombe na shamba, atagonga muhuri. Mwenye mafunzo atauliza pia nani atamfunga kidonda akirudi nyumbani, kwa nini mwanawe aliyemleta ameondoka bila kuaga, na tangu lini mzee huyu amekuwa hapati usingizi. Hapo ndipo inapoonekana kwamba tatizo la fedha lilikuwa mlango tu, na nyuma yake kuna msonona, kuna ugomvi wa urithi, pengine kuna ukatili dhidi ya mzee.

Kujua kuuliza hivyo kulinijia kwa sababu nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, msimamizi wangu alikuwa akinitaka niandike mazungumzo yangu na mgonjwa neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka, safu moja maneno yake, safu nyingine maneno yangu, na safu ya tatu nilichokuwa nikihisi wakati huo. Alikuwa akizungushia wino mwekundu kila mahali nilipompa mgonjwa ushauri kabla hajamaliza kusema. Karatasi zangu za mwanzo zilikuwa nyekundu tupu. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna mhadhara ulionijenga kama hiyo safu ya tatu.

Kwa hiyo swali lako la saa ni zuri, lakini halitoshi. Mtu anaweza kukaa kituoni saa 900 akipanga mafaili na kuandika mihutasari ya vikao. Tuulize pia anarudisha nini kwa msimamizi, na msimamizi anakifanyia nini.

Mafinga Mjini

Habari za jioni wakuu. Mimi ni afisa utumishi, na nitasema jambo ambalo huenda lisiwafurahishe.

Mnajadili uzamili kana kwamba mtumishi anausoma kwa ajili ya mteja peke yake. Mtumishi ana familia. Akirudi na cheti chake, mwajiri anaangalia muundo wa utumishi wa kada yake, bajeti ya mishahara na nafasi iliyo wazi. Kusimamia wenzake kitaaluma hakumo katika stahili zake, hakumletei posho, na pengine kutamletea uadui wa mkuu atakayedhani anapinduliwa. Ndiyo maana wengi huchagua uzamili wa usimamizi wa miradi: unawafungulia milango ya mashirika, unawafundisha kuandika maandiko ya kuomba fedha na kusoma bajeti, na watu hao wanahitajika.

Pili, kuna suala la ruhusa. Halmashauri yenye maafisa wachache haiwezi kumwachia mmoja aende Dar es Salaam miaka miwili. Anayetaka uzamili wenye mafunzo mengi ya vitendo aeleze nani atashika mafaili yake. Sisemi hoja ya Kipengere ni mbaya. Nasema haina mahali pa kukaa katika mfumo ulivyo leo.

Kipengere

Ndugu Mafinga Mjini, nashukuru kwa kusema wazi. Nitajibu mawili.

Kuhusu mashirika, mwezi Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na sote tuliona miradi ya VVU na ya watoto walio katika mazingira hatarishi ikisimama, na wenzetu wakirudishwa nyumbani. Waliokuwa wamejengwa kwa ajili ya mradi walibaki bila mradi. Watoto waliokuwa wakitembelewa hawakuondoka, walibaki kwenye kata zetu na mafaili yao yakahamia kwetu. Siwalaumu waliochagua njia hiyo, walikuwa na familia kama ulivyosema. Nasema tu kwamba hoja ya ajira ya mashirika haina nguvu iliyokuwa nayo.

Kuhusu ruhusa, umenisaidia bila kukusudia. Ikiwa afisa hawezi kuondoka, basi mafunzo yake kwa vitendo yafanyike katika kituo chake, juu ya mashauri yake mwenyewe, kwa masharti kwamba yupo msimamizi wa nje anayekutana naye kila wiki. Halmashauri haipotezi mtu. Inachopata ni afisa ambaye mafaili yake yanasomwa na jicho la pili. Mwajiri akielezwa hivyo, sidhani kama atakataa kwa urahisi.

Lile la stahili sina jibu lake, na ninakubali ni kubwa.

Isimila

Nimefuatilia mjadala kwa makini, kwa kuwa nafundisha Iringa na nimewahi kushiriki kupitia mitaala. Naomba radhi kwa urefu.

Mvutano huu una umri mkubwa kuliko vyuo vyetu. Mafunzo rasmi ya kazi hii Marekani yalianza mwaka 1898 kwa kozi ya wiki sita ya kiangazi jijini New York, iliyokusudiwa watu ambao tayari walikuwa kazini. Mwaka 1915, katika mkutano wa Baltimore, Abraham Flexner, ambaye miaka mitano kabla yake alikuwa ametoa ripoti iliyobadili elimu ya udaktari nchini humo, aliulizwa kama ustawi wa jamii ni taaluma kamili. Akajibu kwamba bado, na sababu mojawapo ni kwamba mfanyakazi wa ustawi alionekana kuwa mpatanishi anayewaita wataalamu wengine, huku yeye mwenyewe hana mbinu mahususi inayoweza kufundishwa. Kauli ile iliwauma, na kwa miaka mingi baadaye shule zao zilijitahidi kuonyesha kwamba mbinu ipo, na kwamba hufundishwa kazini chini ya mwenye uzoefu. Mzee wa Chunya aliyetajwa na ndugu Loleza ni jibu zuri kwa Flexner: daktari alimwita afisa kwa ajili ya fedha, na afisa akaona ambacho daktari hakukiona.

Sasa kwetu. Ugumu tulio nao vyuoni ni wa mduara. Ili mwanafunzi wa uzamili asimamiwe, lazima kituoni pawe na mtu mwenye elimu ya juu kumzidi katika taaluma hii. Watu hao ni wachache Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu hawakusimamiwa na mtu. Basi mwanafunzi hupewa msimamizi wa utawala, au muuguzi mkuu, au afisa maendeleo ya jamii, watu wazuri wote, lakini hawawezi kumhoji juu ya kile ambacho hawakufundishwa. Hata sisi tunaofundisha, wengi tumetokea sosholojia, saikolojia au maendeleo ya jamii. Mwalimu ambaye hajawahi kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii husahihisha lugha ya taarifa hiyo na kuacha uamuzi uliomo.

Nao mzigo wa tasnifu unafanya kazi yake. Mwanafunzi hutumia muda mrefu kukusanya hojaji kuhusu mtazamo wa jamii juu ya jambo fulani, ilhali shelfu ya ofisi yake imejaa mashauri ambayo kama yangechambuliwa kwa utaratibu, kwa kuficha majina na kwa idhini inayotakiwa, yangetoa elimu ambayo haipo katika kitabu chochote cha Kiswahili. Ningeruhusu, tena ningehimiza, tasnifu ya kuchambua mashauri ya Makete au Ludewa kuliko hojaji nyingine mia mbili.

Jambo la mwisho, ambalo huwa linanigusa. Mfumo wetu bora wa usimamizi ulijengwa kwa watu wa ngazi ya chini kabisa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, kwa ushirikiano na wenzao wa Chuo Kikuu cha Illinois cha Chicago na kwa fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI, iliandaa mafunzo ya wahudumu wasaidizi wa ustawi wa jamii vijijini. Walikaa darasani siku chache, wakapelekwa kazini miezi sita chini ya msimamizi, kisha wakarudi darasani na maswali yaliyotoka kwa watu halisi. Mtu wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne alipewa mpangilio ambao wanafunzi wengi wa uzamili hawaupati.

Bulongwa

Habari zenu wanangu. Mimi ni mmoja wa hao aliowasema mwalimu Isimila. Nimekuwa nikijitolea huku Makete kwa muda mrefu, na aliyeniandikishia jukwaa hili ni mjukuu wangu.

Ni kweli tulisimamiwa. Alikuwapo afisa mmoja, dada mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, aliyekuwa akija kwa pikipiki hata wakati wa mvua, barabara ikiwa utelezi mtupu. Hakuja kutukagua madaftari tu. Alikuwa akisema, mama, nieleze ulivyoingia katika nyumba ile. Nilisalimia nini, nilikaa wapi, nani alinijibu, watoto walikuwa wapi. Siku moja nilimweleza juu ya nyumba ya bibi aliyelea wajukuu wanne, nikasema kila kitu ni kizuri, watoto wasafi, wanakula. Akaniuliza, yule mkubwa alisema nini? Nikakuta kwamba yule mkubwa sikumbuki hata sauti yake. Tuliporudi wote wawili, kijana alikuwa ameacha dawa za VVU tangu masika, kwa sababu mwenzake shuleni alikiona kile kichupa kwenye begi. Bibi hakujua kabisa.

Baadaye yule dada akahamishwa. Waliomfuata ni watu wazuri, lakini walikuwa wakikusanya fomu na kuondoka. Hakuna aliyeniuliza tena nilivyoingia katika nyumba. Mtu akisoma hadi juu kabisa, ninachomwomba ni aje aulize vile.

Mafinga Mjini

Shikamoo mama Bulongwa. Nimekusoma, na nimerudi kwenye hoja yangu.

Bado nasema stahili ni tatizo. Lakini nikifikiri kama afisa utumishi, kuna njia moja isiyohitaji kubadili muundo wa utumishi. Kila mtumishi huweka malengo ya utendaji kazi wake kwa makubaliano na mkuu wake. Hakuna kinachozuia afisa ustawi wa jamii mwenye uzamili kuandikiwa lengo la kusimamia mashauri ya maafisa wawili au watatu wa kata, likapimwa kama lengo jingine lolote. Hakutamletea fedha leo, ila kutaifanya kazi hiyo ionekane kwenye kumbukumbu, na kisichoonekana kwenye kumbukumbu hakiombewi bajeti. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo nayo ieleze hilo tangu mwanzo: nikirudi, nitasimamia fulani na fulani. Barua za namna hiyo nimeziona chache sana.

Kipengere

Marahaba hazinihusu mimi, lakini shikamoo mama. Umesema kwa ufupi kile nilichohangaika kukiandika aya nzima.

Mwalimu Isimila, kama nafasi ipo, tueleze kikao cha usimamizi kinakuwaje hasa. Wengi wetu tumelisikia neno, wachache tumekiona kikao.

Isimila

Alfred Kadushin, mmoja wa wanazuoni waliolishughulikia jambo hili kwa undani, aligawa kazi ya msimamizi katika sehemu tatu: ya kiutawala, ya kielimu na ya kumtegemeza mfanyakazi. Ofisi zetu zina ya kwanza tu, tena nusu yake.

Kikao chenyewe kinahitaji kama saa moja, mlango umefungwa na simu zimezimwa. Afisa huleta shauri moja au mawili ambayo yamemkwamisha, wala si ripoti ya mashauri yote. Anasimulia. Msimamizi hauulizi kwanza uamuzi, huuliza ulichokiona na ulichokisikia, kisha ulichokidhani, na kuvitenganisha hivyo viwili kwa subira. Baada ya hapo wanarudi kwenye sheria na mwongozo: kwa mfano, je, mtoto huyu anahitaji kuhamishwa, au ndugu wa kuaminika wapo ila hawajatafutwa? Mwisho wanaandika ndani ya faili walichokubaliana, nani atafanya, na lini. Kisha msimamizi anauliza swali ambalo wengi wetu hatujawahi kuulizwa kazini: shauri hili linakufanyia nini wewe? Afisa aliyesikiliza habari za ubakaji wa mtoto asubuhi na za kufukuzwa kwa mjane mchana anarudi nyumbani kwake jioni na vyote viwili. Asipopata mahali pa kuvitua, ataanza kuwakwepa wateja, nasi tutasema ni mvivu.

Kwa mashauri ya watoto waliokinzana na sheria, usimamizi una matokeo ya moja kwa moja. Sheria ya Mtoto inataka afisa ustawi wa jamii awepo Mahakama ya Watoto inapoketi, na mwenendo uwe wa faragha, usio wa mabishano. Mbeya tuna mahabusu ya watoto, na tuna Shule ya Maadilisho ya Irambo. Taarifa ya uchunguzi wa kijamii ndiyo inayomsaidia hakimu kuona kama mtoto arudi kwa mlezi wake chini ya uangalizi au apelekwe huko. Taarifa ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa haraka, bila kufika nyumbani kwa mtoto, inaweza kubadili miaka kadhaa ya maisha yake. Ningependa kila taarifa ya namna hiyo isomwe na mtu wa pili wa taaluma kabla ya kufika mahakamani.

Loleza

Naomba niongeze tahadhari moja kwa wanaotaka kuanza wenyewe kabla ya uzamili. Wapo wenzetu wanaojadili mashauri kwenye makundi ya simu, tena kwa majina ya vijiji, umri na picha. Nia ni njema, lakini Makete, Ileje au Rungwe ukitaja kijiji, umri na ugonjwa umekwisha kumtaja mtu. Usimamizi wa kikundi ufanyike ana kwa ana, watu wasizidi wachache wanaoaminiana, na karatasi za mazungumzo zisibaki kwenye meza.

Kwa walio Mbeya mjini na wilaya za jirani, mimi niko tayari kukaa na maafisa wawili kila baada ya wiki mbili, baada ya saa za kazi, kwa kibali cha maandishi cha waajiri wao. Atakayetaka anitumie ujumbe wa faragha, asiandike hapa jina la kituo chake.

Kipengere

Ndugu Loleza, nimekutumia ujumbe. Njombe hadi Mbeya ni mbali kwa kila wiki mbili, kwa hiyo nimependekeza tukutane Makambako mara moja kwa mwezi, na katikati ya hapo nikuletee mazungumzo yaliyoandikwa kwa safu tatu, bila majina.

Kuhusu uzamili, naelekea kuomba njia ya masafa ili nibaki kituoni. Kabla ya kulipa, nitakiandikia chuo nikiuliza mambo matatu: saa za mafunzo kwa vitendo ni ngapi, kama naweza kuzifanyia kwenye mashauri yangu mwenyewe nikiwa na msimamizi wa nje aliyekubaliwa na chuo, na kama tasnifu inaweza kuwa ya uchambuzi wa mashauri. Barua ya mwajiri nitaiandika kwa namna aliyoieleza ndugu Mafinga Mjini, nikitaja maafisa wa kata watatu ambao nitawasimamia. Majibu ya chuo nitayaweka kwenye uzi huu yakifika, na wenzangu mliokwisha kusoma popote, tafadhali andikeni hapa mlisimamiwa na nani na alikuwa akiwauliza nini.